Tulipoliacha Bao

Falme zina historia yake, na vita vina historia yake, na zote mbili zimeandikwa. Michezo nayo ina historia, lakini hiyo huachwa ipotee pamoja na wazee walioicheza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha katika shule za msingi za mkoa wetu wa Singida, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Niliwaeleza watoto habari za Wareno na za Waarabu wa Omani, za vita vya Maji Maji na za Azimio la Arusha. Hakuna mtihani hata mmoja uliowauliza babu zao walicheza nini jua lilipoanza kuegemea magharibi. Nami nasema swali hilo si la kupuuzwa. Ukitaka kujua watu waliutumiaje muda wao, na nani aliketi na nani, tazama mchezo wao.

Hapa Ikungi, katika umri wangu huu wa miaka sabini na kitu, nimeona watu wakihama mchezo mara mbili. Kwanza waliliacha bao wakashika drafti. Sasa naona wengi, hasa vijana, wanaiacha drafti na kushika vitu vingine nitakavyovitaja huko mbele. Wazee wenzangu wakikaa pamoja hulaumu mambo yote mawili kwa mkupuo mmoja, kana kwamba ni msiba mmoja. Mimi siafikiani nao. Kuhama kwa kwanza kulikuwa kwa heri. Kwa pili ndiko kunakotutaka tuwe macho.

Tuanze na bao lenyewe, kwa faida ya msomaji kijana ambaye pengine ameliona kwenye picha tu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa kwa safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo pwani huwa ni mbegu za komwe. Kila mchezaji anamiliki safu mbili za upande wake. Mchezo wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni namua, ambayo kila mmoja huianza na kete 22 mkononi na kuziingiza moja moja. Ya pili ni mtaji, wakati kete zote zimekwisha kuingia ubaoni. Kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi, kuna kutakata, na kila neno lina sheria yake. Mwanafunzi haanzii hapo. Huanza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo.

Mchezo huu si wa jana. Ndugu zake wametapakaa pande zote. Waganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile. Wamalawi wana bawo, Wakomoro wana mraha, na jirani zetu Wasukuma wana isolo. Katika Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, mashimo ya michezo ya ukoo huu yamechongwa kwenye mwamba. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilitia bao katika ushairi wake. Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao, na alipostaafu akarudi Butiama alilicheza na wanakijiji wenzake. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alimaliza katika Chuo Kikuu cha Leiden utafiti wake juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na jinsi wanavyohesabu kichwani. Mchezo ambao Ulaya huutungia tasnifu ya chuo kikuu, sisi tuliuita kazi ya wavivu.

Hata hivyo bao halikuwahi kuwa peke yake, na lugha yetu ndiyo shahidi. Neno karata limetokana na Kireno, na turufu vilevile. Kopa, shupaza na uru ni maneno ya Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kung'olewa katika Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698. Wenyewe walikwenda zao, karata zikabaki. Sataranji imetujia kwa mkono wa Waarabu na Waajemi, keram kwa mkono wa Wahindi. Kwa hiyo anayesema kwamba bao limeuawa na michezo ya kigeni hana budi atueleze kwa nini wageni wa karne nyingi namna hiyo hawakuliua. Watu wa pwani walicheza karata na bao katika baraza moja, na hakuna aliyeona shida.

Huku kwetu bara michezo ya mashimo ilikuwapo, na bao la Kiswahili lilisafiri pamoja na lugha ya Kiswahili. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza nyika ya Mgunda Mkali, kusini kwetu, nchi ambayo leo ni ya Manyoni na Itigi. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika utoto wangu niliwasikia wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kubahatisha, wanazungumza Kinyaturu kutoka asubuhi hadi usiku, lakini wakikaa kwenye bao utasikia namua, utasikia mtaji. Maneno hayo hayakuota hapa. Yalikuja na watu.

Sisi watoto wachungaji hatukuwa na ubao. Tulichimba mashimo ardhini, na kete zetu zilikuwa vijiwe, na vijiwe vilipokosekana tulitumia mavi ya mbuzi yaliyokauka. Ubao wa kweli, wa mti wa mninga, ulikuwa kwa mzee mmoja jirani yetu, na kuukaribia kulikuwa na utaratibu wake. Kiangazi cha kwanza ulitazama tu. Hukuruhusiwa kusema neno, wala kunyoosha kidole. Kiangazi cha pili uliitwa kucheza bao la kujifunza na mtoto mwenzako, mzee akiangalia kwa jicho moja. Namua uliifikia ukiwa na ndevu. Mchezo huo uliwafaa watu wa wakati ule. Mtama na uwele vikishavunwa, kati ya Juni na mvua za kwanza hapakuwa na kazi ya shamba, na mchezo mmoja ungeweza kuchukua alasiri nzima bila mtu kuulizwa ulikuwa wapi. Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwatoa watu katika matembe yaliyotawanyika na kuwaweka karibu karibu. Kwa muda bao lilipata watazamaji wengi kuliko wakati wowote niukumbukao.

Drafti mimi nilikutana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokwenda kusomea ualimu katika chuo cha Kinampanda. Tulikuwa vijana wa makabila mengi, kila mmoja amekuja na bao la kwao, na sheria hazikulingana. Mmoja akisema nyumba inalindwa hivi, mwingine anasema kwetu si hivyo, na jioni nzima inaishia katika ubishi. Drafti haikuwa na ubishi huo. Unachora miraba 64 kwenye boksi, unampa kila mmoja kete 12, unamwambia kwamba kula ni lazima na kwamba kingi hukimbia atakavyo, basi. Baada ya nusu saa mgeni amekuwa mchezaji.

Nikirudi likizo nyumbani nilikuta bao bado linatawala. Mambo yalianza kubadilika katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa na bidhaa zikaanza kuonekana tena madukani. Soda zilifika hata vijijini, na penye soda pana visoda. Sisi walimu tulivifurahia kwanza kama vihesabio, maana tangu Elimu ya Msingi kwa Wote ya mwaka 1977 madarasa yalikuwa yamefurika na vifaa hakuna. Mtoto alikuja shule na visoda kumi mfukoni kujifunzia kujumlisha. Saa nane akitoka aliviweka juu ya ubao wa drafti, vyake vikitazama juu na vya mwenzake vikitazama chini.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini watu waliliacha bao, na jibu langu ni kwamba hawakuliacha kwa kulichukia. Sababu ni tatu. Ya kwanza ni ubao. Bao la mninga linahitaji fundi, na fundi anahitaji siku kadhaa na malipo. Drafti inahitaji boksi na kalamu. Ya pili ni mwalimu. Sheria za bao hukaa vichwani mwa watu, na mzee akifa anakwenda nazo. Sheria za drafti mtoto humfundisha mtoto. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni muda. Tazama vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria kando ya barabara kuu. Kijana yule ana dakika kumi, pengine tano. Abiria akitokea anainuka, na mwenzake anaketi mahali pake. Huwezi kuinuka katikati ya mtaji. Kazi zilibadilika, na mchezo ukafuata kazi.

Je, tulipoteza kitu? Ndiyo, na sitakificha. Katika bao hakuna kete inayokufa. Ukizila kete za mwenzako huzitupi nje. Unazipanda katika mashimo yako nazo zinakufanyia kazi, na kesho yake mwenyewe anaweza kuzichukua tena. Mtaji ukianza pana kete 64, na mchezo ukimalizika pana kete 64. Katika drafti iliyoliwa imetoka. Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba bao lilitufundisha kupokea watu na drafti imewafundisha vijana kuua. Ni maneno matamu, lakini mimi sijaona ushahidi wake. Wazee wa bao niliowajua walikuwamo wakarimu na walikuwamo wachoyo, na vijana wa drafti ni hivyo hivyo. Halafu drafti iliwaketisha pamoja watu ambao bao lisingewaketisha: mwalimu na mpiga debe, mgeni aliyeshuka kwenye basi na mwenyeji, mzee na mtoto wa darasa la sita. Mimi mwenyewe nimeshindwa na mtoto wa darasa la sita mbele ya wazazi wake, na siku hiyo nilicheka hadi machozi. Kwenye bao angekuwa bado anatazama.

Kwa hiyo katika kuhama kule kilichobadilika ni ubao. Yale ya chini hayakubadilika. Mtu alibaki ameketi mbele yako, unamwona usoni. Watazamaji walibaki, na utani ukabaki. Na kitu kimoja zaidi kilibaki, ambacho sikukitambua hadi mjukuu wangu aliponisimulia kisa cha mbali.

Mjukuu huyo anasoma chuo kikuu, naye aliniambia habari za mchezo wa Wamarekani uitwao Dungeons & Dragons. Ulichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani na karatasi, penseli na dado, kila mmoja akashika nafasi ya mtu fulani katika hadithi, na mmoja wao akaiongoza hadithi hiyo. Umeenea duniani. Mwaka 2000 kampuni yenye mchezo huo ilitoa leseni ya kuwaruhusu wengine watunge vitabu kwa kutumia kanuni zake. Januari 2023 ikavuja habari kwamba kampuni inataka kuibadili leseni hiyo na kuwatoza ada watungaji wakubwa. Wachezaji wakachukia, na wengi wakatangaza kwamba wanahamia michezo mingine, kama Pathfinder iliyoanza mwaka 2009. Kabla ya mwezi kwisha kampuni ilirudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi wazi kwa watu wote.

Nilikaa nikakifikiria kisa hicho. Wale waliuhama mchezo wao kwa sababu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitaka zaidi. Sisi hatujawahi kuwa na sababu hiyo. Hakuna mtu awezaye kutuletea barua hapa Ikungi kwamba kuanzia kesho kila kete inayoingia namua ina ushuru wake. Bao halina mwenyewe. Drafti nayo haina mwenyewe. Hata karata, ukishanunua mchezo mmoja wa karata, muuzaji hana haja tena na wewe. Mshindi akishinda, anakula yeye. Hakuna mtu wa tatu asiyeonekana anayekula kwa kila mkono unaochezwa.

Sasa nije kwenye kuhama kwa pili. Kulianza na meza za biliadi, zenye kitambaa cha kijani, ambazo hazitoi mipira hadi utumbukize sarafu. Hapo mwenyewe ameshaingia, lakini bado mtu yupo mbele yako na ustadi una kazi, kwa hiyo mimi sikupiga kelele. Kisha zikaja mashine za sarafu zenye taa na milio, zinazowekwa pembeni mwa maduka, na baada yake kubeti mpira katika simu. Biashara hizi zina sheria yake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuzisimamia, na inakataza asiyefikia miaka 18 asicheze. Wenye leseni wanalipa kodi, na siwaiti wezi. Nasema tu kwamba huo ni mchezo wa namna nyingine kabisa, na mtu anayedhani ni drafti ya kisasa amepotea njia.

Mwaka juzi mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa darasa la tano, alitumwa kununua mafuta ya alizeti. Alirudi jioni na chupa tupu. Bibi yake, mwanamke aliyewalea watoto wanane na asiyekuwa na haraka ya fimbo, alimuuliza fedha ziko wapi. Mtoto akasema ameshindwa. Bibi akauliza, "Nani kakushinda?" Mtoto akanyamaza, kisha akajibu, "Hakuna mtu, bibi. Nilikuwa peke yangu."

Yule mama alinisimulia hayo akiwa ameudhika kwa ajili ya mafuta. Mimi liliniuma lile jibu. Katika miaka yangu yote nimewaona watoto wameshindwa bao, wameshindwa drafti, wameshindwa kukimbia, na kila mmoja alikuwa na jina la kulitaja, na kesho yake alilitafuta jina hilo ili alipe kisasi chake cha halali. Mtoto huyu hakuwa na jina la kulitaja. Kesho angemtafuta nani?

Kama mwalimu wa hesabu, nawaomba vijana wafanye hesabu ndogo. Katika bao unaanza na kete 32 na mwenzako 32. Katika drafti ni 12 kwa 12. Mnaanza sawa, na kinachotoka upande mmoja hakikosi kuonekana. Katika mashine, jumla ya sarafu zinazoingia lazima izidi jumla ya zinazotoka. Kama sivyo, mwenyewe asingeinunua, asingeisafirisha hadi kwetu, wala asingemlipa mwenye duka pango la ile pembe. Mwenye mashine hachezi. Alishamaliza hesabu yake kabla wewe hujatia mkono mfukoni.

Wapo wanaotaka tulirudishe bao kwa amri, lifundishwe shuleni na drafti ikatazwe. Mimi sioni faida ya hilo. Mchezo haurudi kwa amri, maana haukuondoka kwa amri. Tulichofanya wastaafu wachache hapa kwetu ni kidogo: tumeweka chini ya mkwaju ubao mmoja wa mninga na mbao tatu za drafti, na kila Jumamosi mtu mzima mmoja anakuwapo. Watoto wengi huenda kwenye drafti. Wanne hukaa na bao, na wawili kati yao wamekwisha kufika namua bila kungoja ndevu, kwa kuwa ule utaratibu wa kutazama kiangazi kizima tumeufuta. Ulitufaa sisi, wao wangeondoka siku ya pili. Visoda vya bati vimeadimika tangu chupa za plastiki zienee, kwa hiyo drafti yetu sasa inachezwa kwa vifuniko vya plastiki, vyekundu kwa vyeupe. Naona inachezeka.

Michezo mingine itakuja, na vijana watahamia huko, kama sisi tulivyohamia. Ni haki yao. Ninachowaomba ni kuuliza mambo matatu kabla hawajahama. Nani ameketi mbele yangu? Nikishindwa, anayekula yuko hapa au yuko pasipojulikana? Na mwanangu akitaka kucheza, anaweza kuutengeneza mchezo huu kwa mikono yake mwenyewe, hata kwa vijiwe na mashimo ya ardhini? Mchezo ukijibu vizuri, tuhamie bila majuto, hata kama jina lake sisi wazee hatutaweza kulitamka. Ukishindwa kujibu, basi boksi lipo, vifuniko vipo, na chini ya mkwaju kuna mtu anasubiri mwenzake.